Engaruka: Tulitafuta Mji, Tukaruka Mfereji

Mgeni akishuka garini Engaruka Juu, vumbi la kutoka Mto wa Mbu likiwa bado kwenye nyusi zake, swali lake la kwanza huwa lile lile: mji wenyewe uko wapi? Ameambiwa kuna mji wa kale. Amekwisha kuona picha za Kilwa, pengine amefika hata Gede, kwa hiyo macho yanatafuta ukuta, tao, kibla, kisima chenye ngazi. Anachokiona ni ukingo wa Bonde la Ufa umesimama wima upande wa magharibi, migunga, mbuzi wa watu, na mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa hadi mwisho wa upeo. Basi anapiga hatua kuelekea mlimani, na njiani anaruka mistari miwili ya mawe inayokwenda sambamba, nafasi ya hatua moja katikati, bila hata kuitazama. Hapo alipoparuka ndipo penye habari.

Kutoka Arusha mjini ni safari ya nusu siku ukijumlisha kusimama kwa chai. Unapita Kisongo, unaiacha njia panda ya Monduli, unafika Makuyuni na kukunja kulia hadi Mto wa Mbu, kisha unakunja tena na kuufuata ukuta wa Bonde la Ufa kwenda kaskazini: Selela, Engaruka, na mbele yake Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Magari mengi ya watalii hayasimami. Yanawahi heroe na volkano.

Watu wa kale wa Engaruka, kwa tarehe zinazokubalika sasa na wengi, walianza kulima hapa katika karne ya 15 na walikuwa wameondoka kabla karne ya 18 haijaisha. Waliacha mashamba ya mawe yapatayo hekta 2,000, yaani karibu ekari 5,000, yaliyokatwa vipande kwa mistari ya mawe na kumwagiliwa kwa mifereji iliyotoka kwenye mito inayoteremka ukingoni. Juu ya mashamba, pale mteremko unapoanza, waliacha vijiji vikubwa vipatavyo saba vya viwanja vilivyosawazishwa na kushikiliwa kwa kuta za mawe yasiyo na chokaa wala udongo. Katika Afrika ya kusini mwa Sahara hakujulikani mabaki mengine makubwa kiasi hiki ya kilimo cha umwagiliaji kilichohamwa.

Wazungu wangeiweka miaka ile ya mwanzo mwishoni mwa Zama zao za Kati. Sisi tuna kalenda iliyo karibu zaidi. Ibn Battuta alipotua Kilwa mwaka 1331, mji ule wa pwani ulikuwa umefika kileleni. Wareno walipouvamia mwaka 1505, maji yalikuwa yanatembea kwenye mashamba ya Engaruka, na sidhani kama mkulima mmoja wa huko alizisikia habari za Kilwa. Ushanga wa kioo na kauri vilivyookotwa katika magofu ya Engaruka ni vichache sana. Hapa hapakuwa bandari wala kituo cha msafara.

Sasa, hilo jina la mji lilitoka wapi?

Mwaka 1883 Mjerumani Gustav Fischer alipita akielekea Naivasha, akayaona mawe yale na kuyafananisha na magofu ya ngome. Hans Reck, yule aliyechimba Olduvai kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alipita mwaka 1913. Lakini aliyelipa neno lenyewe uzito ni Louis Leakey. Mwaka 1935 serikali ya Tanganyika ilimwomba akapachunguze, na ripoti yake ya awali ikatoka katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, mwaka 1936. Leakey alihesabu viwanja vya nyumba, akapata zaidi ya elfu sita, akazidisha kwa idadi ya watu wa kaya moja, akatangaza kwamba hapa waliishi watu kati ya 30,000 na 40,000. 

Namba hiyo ilisafiri mbali. Ni tamu mdomoni, na waongoza wageni wengine wanaitoa hadi leo. Lakini hesabu yenyewe ina tundu ambalo mtu yeyote aliyekulia kijijini ataliona. Panda leo mteremko wa Meru, tuseme Ilboru au Poli, uhesabu kila mahali palipowahi kusawazishwa: nyumba ya baba, nyumba ya mtoto aliyeoa, jiko la nje, banda la ng'ombe wa ndani, ghala, na kiwanja cha marehemu mjomba ambacho hakuna aliyekijenga tena tangu azikwe. Vyote uviandike nyumba, kila moja uipe watu watano. Utapata jiji kubwa kuliko Dodoma. Viwanja vya Engaruka havikukaliwa vyote kwa siku moja. Vilijengwa, vikaachwa, vikajengwa vingine pembeni kwa muda wa zaidi ya miaka 200. Na baadhi vilikuwa vya mifugo. Watafiti waliomfuata Leakey waliishusha idadi hadi watu elfu chache kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo ninayoiamini.

Simlaumu Leakey kwa kukosea hesabu. Alikaa muda mfupi na hakuwa na njia ya kupima umri. Kinachonishughulisha ni kwamba neno mji lilikuwa na wateja wengi. Wakati huo G. W. B. Huntingford, aliyekuwa Kenya, alikwisha kuandika mwaka 1933 juu ya ustaarabu alioubuni na kuuita wa Azania, akidai kwamba kila kazi ya mawe, kila mfereji na kila tuta la ngazi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ni kazi ya watu wa kizazi cha Kihamu waliokuja kutoka kaskazini na kutoweka. George Peter Murdock wa Marekani akalirudia wazo hilo mwaka 1959 kwa vazi jipya, Wakushi wa mawe makubwa. Maana iliyojificha humo ilikuwa moja: hawa mnaowaona leo wakichunga na kulima hawangeweza. Mwaka huo huo Basil Davidson aliiingiza Engaruka katika kitabu chake cha historia ya Afrika kwa nia iliyo kinyume kabisa, kuonyesha kwamba Waafrika walijenga miji. Baada ya uhuru nasi tuliipokea hoja ya Davidson kwa mikono miwili, na tulikuwa na haki. Ila tazama: mkoloni aliutaka mji ili auondoe mikononi mwetu, na mzalendo aliutaka ili aurudishe. Wote wawili walikubaliana juu ya jambo ambalo hakuna aliyelichimba, kwamba palikuwa na mji.

Lugha yetu yenyewe ingeweza kutusaidia hapa. Pwani, mji una ngoma na jumbe, msikiti wa Ijumaa, mitaa yenye majina. Bara, neno hilo hilo lina umri mkubwa na kimo kidogo. Mkikuyu akisema mũciĩ anataja boma la mtu mmoja na familia yake. Mkamba naye ana musyi. Na kwa Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wanaoishi Samunge, Digodigo na Sale kilomita nyingi kaskazini-magharibi ya Engaruka ndani ya mkoa huu huu wa Arusha, kuna baraza la wazee wanaoitwa wenamiji. Sikio la Mswahili linasikia mara moja: wenye miji. Mwanaanthropolojia Robert Gray aliishi kwao na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Kazi kubwa ya hao wenye miji ni maji. Wao ndio wanaosema mfereji upi ufunguliwe, kwa nani, kwa muda gani, na nani alipe mbuzi ili aongezewe zamu. Mwenye mji ni mwenye maji. Neno hilo limekaa umbali wa safari ya siku moja kutoka magofu.

Uchimbaji wenyewe ulipoanza kwa utaratibu, hatua kwa hatua uliacha nyumba ukaenda shambani. Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali, alichimba mwaka 1964 na 1966. Yeye bado alikuwa na macho ya nyumba. Alisafisha viwanja, akapata mafiga, vigae, mawe ya kusagia na punje za mtama zilizoungua. Punje hizo ndizo zilizofanya mengi. Punje ya mtama ikiungua inakuwa kaa jeusi dogo kuliko shanga, haiozi, na inaweza kulala ardhini miaka mia tano. Namna ya kuzipata haina mbwembwe. Udongo wa kutoka kwenye jiko la kale unamwagwa ndani ya ndoo ya maji na kukorogwa taratibu kwa mkono. Udongo unazama. Mkaa na mbegu zinapanda juu kama makapi ya mchele unapouosha, zinachotwa kwa chujio la wavu mwembamba na kuanikwa kivulini. Mama yeyote wa Mto wa Mbu aliyewahi kuosha mchele wa soko angeifanya kazi hiyo bila kufundishwa.

Peter Robertshaw alikuja mwaka 1982, akachimba tena kwa mpangilio, na tarehe zake zikasaidia kutuliza ubishi ulioachwa na tarehe za Sassoon, ambazo nyingine zilirudi nyuma mno. Palipatikana mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika vijiji kulikuwa na mazizi madogo ya mawe, mengine yameshikamana na viwanja vya nyumba, na hapo ndipo picha inapoanza kufanana na kitu tunachokijua. Ng'ombe wa kufungiwa, anayeletewa majani na kutoa samadi ya shamba, ni ng'ombe wa Mchaga na wa Mmeru. Ng'ombe wa kuchunga tambarare ni kitu kingine. Ikiwa mazizi yale yalikuwa ya ng'ombe wa kufungwa, kama alivyoona John Sutton, basi watu hawa walilima ardhi ile ile mwaka baada ya mwaka na kuirudishia nguvu kwa samadi. Wasingekuwa na njia nyingine. Nyuma yao ukuta wa Bonde la Ufa, mbele yao nyika kavu isiyoweza kuotesha mtama kwa mvua peke yake.

Sutton ndiye aliyegeuza swali. Katika miaka ya 1970 aliyatembelea magofu akiangalia maji kwanza na nyumba baadaye, na makala yake ya mwaka 1978 ilihusu Engaruka na maji yake. Alitembea miguu ya ukingo akiifuata mifereji kutoka korongo hadi korongo. Aligundua jambo ambalo leo linaonekana dogo: mashamba ya kale yanafika mahali ambapo hakuna mto unaotiririka mwaka mzima siku hizi. Mto Engaruka wenyewe bado una maji kiangazi na masika. Makorongo mengine ya kaskazini na kusini yake sasa hupata maji ya msimu tu. Zamani lazima yalitosha kuendesha mifereji, la sivyo hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angepanga mawe mamilioni kuyasubiri.

Kizazi kilichofuata kilichimba mashamba kama wengine wanavyochimba majumba ya kifalme. Daryl Stump, kutoka Uingereza, amefanya kazi hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye pamoja na Carol Lang aliusoma udongo kwa darubini. Njia hiyo inastahili kuelezwa, maana ndiyo iliyoleta habari mpya kuliko zote.

Unachimba handaki jembamba kukata tuta moja kutoka juu hadi chini. Ukuta wa handaki unausafisha kwa mwiko, mwiko ule ule wa fundi ujenzi, mpaka matabaka yaonekane kama keki iliyokatwa. Unagandamiza kikopo cha bati kwenye ukuta huo na kukitoa na bonge la udongo ambalo halijavurugika. Maabarani bonge hilo linanyweshwa gundi ya plastiki hadi ligeuke jiwe, linakatwa, linasuguliwa mpaka libaki kipande chembamba cha sehemu tatu za mia za milimita, mwanga unapita. Chini ya darubini udongo unaanza kutoa ushahidi. Chembe zilizoletwa na maji ya kasi ni kubwa na zimechanganyika. Zilizotulia ndani ya maji yaliyosimama ni laini na zimelala ubapa, utando juu ya utando. Udongo uliolimwa kwa jembe au mti wa kuchimbia umevurugika. Ulioloweshwa na kukaushwa mara nyingi una madoa ya kutu.

Walichokiona kinabadilisha namna ya kuyatazama mawe yale. Katika sehemu kadhaa, udongo wa shamba haukuwepo kabla ya shamba. Wakulima walipanga mstari wa mawe, wakaelekeza maji ya mfereji yenye tope, maji yakapungua kasi yalipogota mawe, tope likatua. Mwaka uliofuata wakapandisha mstari. Udongo ulizidi kina, na wao wakaendelea kuukimbilia na mawe. Shamba lilikuwa linajengwa na mto chini ya usimamizi wa mtu. Na katika baadhi ya vipande maji yalisimama ndani, kama majaruba ya mpunga ya Mto wa Mbu, ingawa zao lilikuwa mtama. Mtu aliyepita mwaka 1935 akaona mashamba ya mawe angedhani mawe yaliondolewa ili kupata udongo. Kumbe pengine mawe yaliwekwa ili udongo upatikane.

Inafuata pia kwamba hakukuwa na mhandisi mmoja aliyeketi na ramani. Matuta yalipanuka kidogo kidogo, kipande juu ya kipande, na mashamba ya baadaye yakikaa juu ya mifereji ya mwanzo. Hapa ndipo swali la mji linapata jibu la kufaa zaidi kuliko ndiyo au hapana. Wanaakiolojia walikuwa wanatafuta ikulu, soko, ukuta wa ulinzi, hekalu, kila kitu ambacho vitabu vya Mashariki ya Kati vilisema mji lazima uwe nacho, na Engaruka haikuwa na kimoja. Nchini Mali, tangu Susan na Roderick McIntosh walipochimba mji wa kale wa Jenne-Jeno mwaka 1977, tumejifunza kwamba maelfu ya watu waliweza kukaa pamoja karne nyingi bila mfalme anayeonekana. Sisemi Engaruka ni Jenne-Jeno. Ile ilikuwa na biashara na mafundi wa kila aina, hii ilikuwa na mtama na ng'ombe. Ila watu elfu chache waliokaa kwa msongamano, wakitegemea mito michache, lazima walikuwa na chombo cha kuamua. Maji hayagawanyiki kwa hiari. Anayekaa juu ya mfereji daima ana nguvu kuliko anayekaa chini, na bila baraza la kumzuia wa juu, wa chini anakufa njaa ndani ya msimu mmoja. Chombo hicho hakikuacha jengo. Kiliacha mifereji iliyofanya kazi zaidi ya karne mbili.

Mtu wa Arusha hana haja ya kusafiri ili aelewe hilo. Maji ya Meru yamegawanywa hivyo hivyo. Wameru wamekaa kwenye miteremko ya kusini-mashariki tangu kama karne ya 17, na Waarusha walipanda kutoka Arusha Chini na kukaa upande wa kusini-magharibi karibu miaka ya 1830. Wote walichimba mifereji kutoka mito ya mlima, migomba ikaota, baadaye kahawa. Themi, Naura, Burka, mito inayokatiza jiji na kubeba chupa za plastiki zetu, huko juu bado inachepushwa kwa majembe, na mtu akifungua maji usiku bila zamu yake bado anaitwa mbele ya wazee. Mifereji hiyo si mtoto wa Engaruka, na sitaki msomaji aondoke na wazo hilo. Wachaga, Wameru, Wabatemi, Wamarakwet wa Kenya, kila mmoja ana historia yake ya mfereji. Ninachosema ni kwamba Mmeru mwenye shamba la migomba angeisoma Engaruka haraka kuliko mtalii mwenye kitabu, endapo angeonyeshwa mfereji kabla ya kiwanja.

Basi walikuwa nani? Leakey alihisi kwamba ni jamaa za Wairaqw wa Mbulu, na wapo Wairaqw wanaosema hivyo mpaka sasa. Wengine wamewataja Wabatemi, kwa sababu ya mifereji na vijiji vyao vilivyobanana. Vyote viwili vinawezekana kwa sehemu, na hilo ndilo tatizo la swali. Majina ya makabila tunayoyatumia leo yalipata umbo lake baadaye, mengi yake katika karne ya 18 na 19, wakati watu walipokuwa wanahama na kuungana upya. Jamii ya watu elfu chache ikivunjika, haiondoki nzima kama kikosi cha jeshi. Ukoo mmoja unakwenda kwa wakwe zao Mbulu, mwingine unapanda Ngorongoro, mwingine unabaki na kuchukua mifugo na kuingia katika Umaasai. Miongo mitatu baadaye hakuna anayesema ametoka Engaruka. Vigae havivai majina.

Kwa nini waliondoka ni swali linalopendwa zaidi, na ndilo lenye majibu mepesi zaidi. La kwanza ni Wamaasai: wachungaji walipoenea tambarare, wakulima wakakimbia. La pili ni ukame. La tatu ni kwamba ardhi ilichoka, au ilijaa chumvi. Kila moja lina mtu wa kulitetea.

Mwenye haraka ataangalia matope ya Ziwa Naivasha. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walionyesha kutoka katika matope hayo kwamba Afrika Mashariki ilipita vipindi vitatu virefu vya ukame ndani ya karne zilizokuwa na unyevu: kimoja kuzunguka mwaka 1400, kimoja mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa 17, na cha tatu kama 1760 hadi 1840. Inavutia: Engaruka ilianza karibu na ukame wa kwanza na haikuwepo tena ndani ya ule wa tatu. Lakini katikati ulipita ule wa pili, na watu waliendelea kulima. Kama ukame ndio uliowaondoa, ule wa pili ulishindwa nini?

Kuna kikwazo kingine ambacho ni cha kiufundi, na kwa maoni yangu kinaeleza kwa nini ubishi huu hauishi. Kipimo cha kaboni, ambacho ndicho saa ya mwanaakiolojia, kinakwenda kombo kwa vitu vilivyokufa baada ya mwaka 1650 hivi. Kiasi cha kaboni hewani kilipanda na kushuka kwa namna ambayo mkaa wa mwaka 1680 na mkaa wa mwaka 1880 vinaweza kutoa jibu moja. Mwisho wa Engaruka umeangukia ndani ya shimo hilo hilo. Kuja kwa Wamaasai kumeangukia humo humo. Ukame wa tatu vilevile. Mambo matatu yametokea kwenye chumba kimoja chenye giza, na kila mtu anaapa kwamba alimwona aliyepiga ngumi. Ninavyoona mimi, aliye karibu na kweli ni yule anayesema kwamba maji ya makorongo ya pembeni yalipungua, msongamano ukabaki kwenye mto mmoja, mabaraza yakashindwa kuwabana wa juu, na ng'ombe wa tambarare wakawa njia nzuri zaidi ya kuishi kuliko zamu isiyofika. Wamaasai katika hadithi hiyo wanakuwa wanunuzi wa ardhi iliyokwisha kutiwa alama ya kuuzwa. Hiyo ni hoja yangu, nami niko tayari kuiacha siku handaki moja litakapoonyesha vinginevyo.

Kinachofaa kuogopwa ni haraka ya kuifanya Engaruka iwe fundisho. Ukitaka kuonyesha kwamba wakulima wa asili walijua kuhifadhi ardhi, utaitaja. Ukitaka kuonyesha kwamba wanaiharibu ardhi mpaka inawafukuza, utaitaja pia. Stump ameandika kwa ukali juu ya tabia hii, na sisi tuna kisa chetu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa jina la kuhifadhi udongo. Mwaka 1955 walikataa hadharani na damu ikamwagika. Mabwana shamba walisema Waafrika hawajui matuta. Wakati huo ripoti ya Leakey juu ya ekari na ekari za matuta ya Waafrika ilikuwa imelala kwenye rafu kwa karibu miaka 20. Matuta ya Uluguru yalikwama kwa sababu yalikuwa ya amri na ya wakati mbaya wa mvua na kazi. Ya Engaruka yalidumu kwa sababu yalijengwa na mwenye kuyala matunda yake. Ukiyalinganisha kwa umbo tu, yanafanana.

Leo Engaruka inalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo kwa mawe yaliyolala tambarare ni ulinzi wa karatasi. Makorongo yanakula kingo za mashamba. Ng'ombe wanapanda kuta. Jiwe lililopangwa miaka 400 iliyopita linafaa sana kwa msingi wa nyumba mpya, na simlaumu anayejenga. Hakuna aliyemwonyesha kwamba safu ile ni mfereji. Katika bonde hilo kuna pia mradi wa magadi soda chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, na mradi wa viwanda unataka barabara, mitaro na watu. Na Arusha kwenyewe, katika boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya taifa, mtoto wa shule anayeingia kwa matembezi anatoka akijua habari za binadamu wa miaka milioni mbili wa Olduvai. Za mkulima wa miaka mia tano, wa mkoa wake, nyingi zimebaki kwenye majarida ya Kiingereza. Zinjanthropus, yule wa Olduvai, ana jina na uso. Mkulima wa Engaruka ana kiwanja.

Wakati huo huo Engaruka Juu wanalima. Kando ya mto kuna mahindi, maharage na migomba, mifereji imechimbwa, na mchepuo wa maji bado unafungwa kwa mawe, magome na tope kabla ya jua kali. Ukisimama hapo asubuhi utamwona mtu akipasua tuta la udongo kwa pigo moja la jembe. Maji yanasita kidogo, yanatoa povu la kahawia, kisha yanaingia safu ya kwanza ya mahindi. Anahesabu muda kwa simu. Mwenzake wa chini ameketi kwenye jiwe la mraba akisubiri zamu yake, na jiwe hilo, ukilitazama upande, limechongwa na mtu mwingine. Kisheria kibali cha kuyatumia maji yale hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo makao yake yako Singida.